Darasa la IELTS Kariakoo, kwenye Reading wako vizuri sana

Kwa wanaojiandaa na IELTS ya Academic, ule mtihani wa Kiingereza wa wanaoomba vyuo vya nje, hili darasa la jioni hapa Kariakoo mi nalikubali, hasa upande wa Reading. Ile pepa ni dakika 60, maswali 40, vifungu vitatu virefu na dikshenari huruhusiwi, sasa ukikwama kwenye kila neno gumu muda umeisha. Ticha hapa hakukaririshi misamiati, anaandika sentensi ubaoni mfano "Unlike the humid coast, the interior is arid" halafu anauliza hiyo unlike inafanya kazi gani hapo, watu wenyewe wanagundua kumbe arid lazima iwe kinyume cha unyevunyevu, basi ni ukavu, tunasonga. Anasisitiza pia uangalie kama neno ni kitendo au jina, usome sentensi ya juu na ya chini, na kama swali haliligusi liruke tu jamani! Hiyo ya kuruka ndo imenisaidia kuliko zote.

Kasoro ni noti, fotokopi zimefifia mpaka macho yanauma, na darasa linajaa, ukichelewa unakaa nyuma husikii kitu. Ada unalipa kidogo kidogo. Mwenye mtihani karibuni aende, ila aombe kukaa kipindi kimoja kwanza kabla hajalipa.