NifSkope kwa silaha zinazong'aa: ina nguvu, ila mara nyingi haikuonyi ukikosea

Kwa anayetaka upanga wa gemu ya Skyrim utoe cheche au vumbi la mwanga kwenye makali, NifSkope ndiyo njia fupi kuliko zote. Ni programu ya bure ya kufungua na kuhariri faili za NIF, zile zinazobeba maumbo ya gemu za Bethesda tangu Morrowind ya 2002. Uzuri wake ni kwamba haifichi kitu: kila bloku (kipande cha data ndani ya faili), kila namba, kila kiungo kati ya bloku kiko mbele yako. Ubaya wake ni kwamba ukivunja kiungo, mara nyingi inahifadhi faili kimya kimya na gemu ndiyo inayokuadhibu.

Usihangaike kujenga mfumo wa chembe, yaani vidoa vidogo vinavyounda cheche, moto au ukungu, kuanzia sifuri. Toa fxfirewithembers01.nif, faili ya moto wenye cheche, kwenye BSA (kifurushi cha faili) ya gemu, ifungue dirisha la pili, tumia Copy Branch kunakili tawi la bloku, kisha Paste Branch juu ya BSFadeNode, bloku ya shina la upanga. Hapa ndipo wengi wanapokwama: wananakili NiParticleSystem (bloku ya mfumo wa chembe) peke yake, wakati emitter yake, yaani sehemu inayozalisha chembe, mara nyingi inaelekeza kwenye NiNode (bloku inayobeba bloku nyingine) iliyo nje ya tawi hilo, na programu inakataa kwa ujumbe wa "failed to map parent link". Nakili NiNode mzazi inayobeba vyote viwili, halafu futa usivyohitaji. Na kama faili moja ni ya Skyrim ya 2011 na nyingine ni ya Special Edition (toleo jipya la Skyrim), badilisha ya zamani kwanza kwa programu ya SSE NIF Optimizer. Onyo la matoleo kutolingana si la kupuuza.

Baada ya hapo kazi ni ya namba. Kama emitter ni NiPSysBoxEmitter, inayozalisha chembe ndani ya sanduku, panga Width, Height na Depth zifuate umbo la makali. Yuniti 70 ni takriban mita moja, kwa hiyo sanduku lenye yuniti mia mbili litamwaga cheche hewani mbali na upanga. Punguza Speed (kasi ya chembe) na Initial Radius (ukubwa wake wa mwanzo) sana, kwa sababu moto wa kuni ni mkubwa mno kwa silaha ya mkononi. Kisha piga hesabu: kiwango cha kuzaliwa kwa chembe, kilicho kwenye interpolator (bloku inayoshika thamani hiyo) ya NiPSysEmitterCtlr, kidhibiti cha emitter, mara Life Span, muda chembe inaoishi. Chembe 20 kwa sekunde zikiishi sekunde 1.5 ni chembe 30 kwa wakati mmoja, na BS Max Vertices (kikomo cha idadi ya chembe) ya NiPSysData isiwe chini ya hapo. Ikiwa chini, mng'ao unakatika-katika, nawe utabaki kulaumu tekscha (picha ya chembe) bure.

Ukibadilisha jina la emitter, badilisha pia Modifier Name ndani ya NiPSysEmitterCtlr. Majina hayo mawili yasipolingana hakuna chembe inayozaliwa, wala hakuna ujumbe wa kosa. Kwa maoni yangu huo ndio upungufu mkubwa kuliko wote katika programu hii.

Mng'ao wenyewe unatoka kwenye NiAlphaProperty, bloku ya uwazi wa chembe. Flags (namba ya mipangilio yake) zikiwa 4109, rangi hujumlishwa na kilicho nyuma na weusi wa tekscha hupotea kabisa. Zikiwa 237, tekscha isiyo na alfa (taarifa ya uwazi) nzuri itakuonyesha vijisanduku vyeusi vinavyoelea. Rangi na ukali vipo kwenye bloku ya BSEffectShaderProperty: Emissive Color na Emissive Multiple. Zima ZBuffer_Write (kuandika kina cha picha) hapo, la sivyo chembe zitazibana zenyewe kwa zenyewe.

World Space, mpangilio wa NiParticleSystem, ni suala la ladha. Ikiwashwa, cheche hubaki nyuma upanga unapopita, na kwa moto inapendeza mno. Kwa ukungu wa barafu ni bora izimwe, ukungu ushikamane na chuma.

Usiamini dirisha la NifSkope kwa mwendo wa chembe. Jaribu ndani ya gemu, mchana na ndani ya pango. Kumbuka pia kwamba Skyrim hutumia umbo tofauti mchezaji anapotazama kwa macho ya mhusika: longsword.nif ina mwenzake 1stpersonlongsword.nif. Bandika tawi lilelile kwenye faili zote mbili, la sivyo upanga utawaka kamera ikiwa nyuma ya mhusika tu na kuzimika ukirudi kwenye macho yake.