Ritena gani ununue baada ya kutoa breisi: angalia jino la mwisho kwanza

Tangu niandike kuhusu kutoa breisi, wasomaji wananiletea malalamiko, na mengi yanafanana. Mmoja, mwanafunzi wa chuo, kaniandikia hivi: "Dada, meno yamenyooka vizuri, ritena naivaa kila usiku, lakini siku hizi nikiuma andazi meno ya mbele hayakutani. Nimekosea wapi?" Nikamwomba picha ya ritena yake, yaani kile kifaa cha kuzuia meno yasirudi yalikotoka. Mbele sikuangalia kabisa. Kule nyuma ndiko kulikokuwa na jibu: plastiki imeishia jino la sita ukihesabu kutoka katikati, na gego la saba limeachwa nje peke yake.

Kwa hiyo humu sitazungumzia rangi, wala ipi haionekani ukicheka, wala ipi inakaa vizuri mdomoni. Hayo kila ukurasa wa kliniki umeyaeleza. Na kama bado unajiuliza kwa nini uivae: nyuzi za ufizi zilizovutwa wakati wa matibabu huchukua hadi mwaka hivi kujipanga upya, na meno ya mbele ya chini hubanana kadiri umri unavyokwenda, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuvaa breisi. Ndiyo maana madaktari wanasema mchana na usiku kwa miezi ya mwanzo, kisha usiku, kisha usiku tena. Hilo limeisha.

Jino la mwisho

Jino halitulii mahali pake kwa nguvu ya mzizi tu. Linatulia pia kwa sababu kuna jino la upande wa pili linalokutana nalo. Likikosa wa kukutana naye, linaendelea kuchomoza polepole, bila maumivu, bila wewe kujua. Sasa ritena ya plastiki ina unene wake. Ukiivaa, taya la juu na la chini zinatenganishwa kidogo. Meno yaliyofunikwa hayana shida, yamezuiwa na plastiki yenyewe. Lile lililoachwa nje halijafunikwa na kitu, na wala halimfikii mwenzake. Kila usiku linapata nafasi. Baada ya muda ukivua ritena na kufunga mdomo, magego ya nyuma ndiyo yanagusana kwanza, na mbele panabaki mwanya. Kurudisha hali hiyo si kazi ya ritena tena. Unarudi kwenye breisi.

Kosa hili huanza mapema, siku ya kuchukua chapa ya meno. Ule uji mzito unawekwa kwenye trei, mgonjwa anataka kutapika, daktari anaitoa haraka, na gego la nyuma halijaingia vizuri. Chapa inakwenda maabara, na fundi wa meno anakata kufuata anachokiona. Kliniki yenye skana ya kinywa inakuepusha na shida hii, maana picha inaonekana pale pale kwenye skrini na kilichokosekana kinapigwa upya.

Wazazi, hili linawahusu zaidi ninyi. Gego la saba huota mtoto akiwa na miaka 12 au 13 hivi. Mtoto aliyetolewa breisi mapema anaweza kupewa ritena wakati gego hilo bado liko ndani ya ufizi. Likitokeza, ritena ile ile haitoshi tena. Halafu kati ya miaka 17 na 25 gego la busara nalo linaweza kuja, na ritena ikaangaliwa upya.

Namna ya kukagua: ukiwa bado kwenye kiti, vaa ritena, chukua kioo na tochi ya simu, vuta shavu kwa kidole. Plastiki inatakiwa ifunike angalau nusu ya jino la mwisho, juu na chini, kulia na kushoto. Pande zote nne, tafadhali. Kama haifiki, usimalizie hela iliyobaki. Mwambie daktari kwa upole kwamba unataka ichukuliwe chapa nyingine. Daktari mzuri hatakasirika.

Ninavyozipanga

Ya kwanza: plastiki angavu ya Zendura. Naipenda na sifichi, na hakuna aliyenilipa. Ritena nyingi za plastiki zinazotoka maabara zetu ni za kopoliesta, aina moja ya plastiki, na ukisaga meno usingizini zinaanza kufanya ufa, mara nyingi huko huko nyuma kwenye magego. Zendura ni poliyurethani, plastiki ya aina nyingine, inavumilia zaidi kukunjwa na kung'atwa. Ufa wa nyuma ukikatika ukadondoka kipande, tayari umerudi kwenye tatizo la jino lililoachwa nje, kwa hiyo kwangu hii si anasa. Si kila maabara inaiweka. Uliza jina la shiti watakayotumia, yaani bapa la plastiki linalotengenezewa ritena, na kama hawana, uliza kama wanaweza kuagiza.

Wakikuambia "tunatumia Essix", waulize Essix ipi. Jina hilo lilianza na ritena za Dk. John Sheridan wa Marekani mwaka 1993, na sasa kila plastiki angavu inaitwa Essix, kama vile dukani kila dawa ya meno ni Kolgeti. Essix ACE ni angavu sana lakini ni kopoliesta ile ile. Essix C+ inastahimili kupasuka vizuri, ila ina ukungu kidogo na wenye kujipenda hawaitaki. Kama Zendura haipatikani, mimi ningechukua C+ na ukungu wake.

Plastiki zote hizi haziwezani na joto. Kopoliesta huanza kulegea kwenye nyuzi 80 hivi, na maji ya chai yanavuka hapo. Usinywe chai ukiwa umeivaa, usiisafishe kwa maji ya moto, na usiiache kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani. Maji baridi, sabuni ya maji, mswaki laini. Dawa ya meno inaikwaruza.

Ya pili: Hawley. Ile ya akriliki kwenye kaakaa na waya mbele, ambayo imekuwepo zaidi ya miaka 100. Watu wanaidharau kwa sababu waya unaonekana na kwa sababu wiki za mwanzo herufi ya s inakusumbua. Lakini kwenye hoja yangu ya jino la mwisho inashinda plastiki: haifuniki sehemu za kutafunia, kwa hiyo meno ya juu na ya chini yanakutana kama kawaida na hakuna gego linalopata nafasi ya kuchomoza. Waya unaweza kukazwa, na akriliki ikivunjika inaweza kuungwa. Kwa mtu mzima asiyejali waya wa mbele, na hasa kwa asiye na hela ya kubadilisha plastiki kila mara, Hawley ni ununuzi wa akili. Mimi siivai, nakubali, ni mambo ya picha.

Ya tatu: waya wa kudumu. Unabandikwa nyuma ya meno ya mbele ya chini, kutoka chonge hadi chonge. Sifa yake ni kwamba huwezi kuusahau kwenye meza ya hoteli. Kasoro yake ni ugaga, unaojikusanya pale usipopitisha uzi wa meno chini ya waya, na gundi kuachia kwenye jino moja bila wewe kuhisi, jino likaanza safari yake. Waliokulia sehemu zenye maji ya floridi nyingi, Arusha, Kilimanjaro au upande wa Nakuru, wamwambie daktari mapema: meno yenye madoa ya kahawia ni magumu zaidi kushika gundi. Na waya huu unalinda meno sita tu. Mengine bado yanahitaji ritena ya usiku.

Ya nne: Vivera, ya Align, kampuni ya Invisalign. Inatengenezwa kwa skani na inakuja jozi kadhaa kwa pamoja, kwa hiyo moja ikipotea una nyingine. Nimeiweka hapa kwa sababu ya bei tu, na kwa sababu lazima umpate daktari anayefanya kazi na kampuni hiyo. Mwenye nafasi achukue.

Sasa bei

Hapa ndipo damu yangu inachemka. Kliniki inatangaza "OFA YA BREISI" kwa herufi kubwa, picha ya mdada anacheka, na bei haipo. Ukiuliza kwenye maoni, jibu ni "njoo inbox". Ukienda inbox, "fika ofisini". Ukifika ofisini, bei unayopewa ni ya breisi peke yake. Ritena unasikia habari zake siku ya kutolewa nyaya, meno yakiwa yameshalegea na huna pa kukimbilia. Mtu ameuza kiwanja apange meno, halafu anaambiwa kuna "gharama ndogo ya mwisho". Ritena ni nusu ya pili ya matibabu yale yale! Iandikwe kwenye makubaliano siku ya kwanza: ngapi, za aina gani, na ikipasuka ndani ya muda fulani nani analipa.

Na sanamu ya meno yako iko wapi? Ritena ikitengenezwa, inabaki sanamu ya plasta au faili la skani. Kliniki nyingi zinaitupa plasta ikianza kujaza kabati. Mwaka unaofuata ukipoteza ritena, unalipia chapa upya, na hiyo chapa mpya inachukuliwa kwenye meno ambayo yameshasogea. Dai sanamu yako uende nayo nyumbani, au faili la skani (linaitwa STL) litumwe kwenye barua pepe yako. Ndugu zetu walioko Marekani na Uingereza walioagiza vifaa vya kunyoosha meno kwa posta kutoka SmileDirectClub wanalijua hili: kampuni ilifungwa Desemba 2023, na ahadi yake ya kulinda tabasamu maisha yote ikafungwa nayo.

Za bei rahisi? Kuna shiti nyembamba zisizo na jina, zinafaa kama ya akiba wakati ya maana iko kwa fundi. Zile za mtandaoni unazochovya kwenye maji ya moto na kuzing'ata mwenyewe ni kinga za wanamichezo na wanaosaga meno, hazishiki jino mahali pake. Mtu akikuandikia "ritena, saizi moja kwa wote, tunadeliver", mwulize gego la saba linafunikwa vipi.