Oili ya trekta kuukuu: usinunue picha iliyo kwenye dumu

Kila msimu wa kulima ukikaribia, malalamiko yanayoletwa hapa ni yale yale. Trekta ni Massey Ferguson 240 au 290, ilikuwa inapiga kazi bila shida, ikamwagwa oili na kuwekewa "ile nzuri, ya trekta kabisa". Shamba halijaisha, injini ikipata moto taa ya oili inawaka. Fundi analaumu pampu ya oili, mwenye mali anamlaumu dereva. Ukiomba kuona dumu, linaletwa: lina picha kubwa ya trekta na limeandikwa UTTO.

UTTO ni oili ya giaboksi, difu, haidroliki na breki zinazozama ndani ya oili. Si ya injini. Injini ya dizeli inatengeneza masizi na asidi muda wote, kwa hiyo oili yake inawekewa dawa za kuyashika masizi yaelee hadi siku ya kumwagwa. UTTO haina dawa hizo za kutosha. Masizi yanatua chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), yanageuka tope kama lami, yanaziba wavu wa kunyonyea oili, na beringi zinaanza kula shafti. Ringi nazo zinaganda kwenye pistoni na moshi wa bluu unaanza. Juu ya hayo, UTTO nyingi ni nyepesi, na kwa injini iliyolegea kwenye jua la Mbarali au Kilombero presha inashuka haraka.

Geuza dumu, usome nyuma. Muuzaji akiona neno API (alama ya kiwango cha ubora wa oili) anaridhika, lakini herufi zinazofuata ndizo zenye kazi. API GL-4 ni ya gia. Injini ya dizeli inataka herufi inayoanza na C: CF, CF-4, CH-4, CI-4. Ukikuta GL-4 peke yake bila C yoyote, rudisha, hata kama picha ni ya trekta inayofanana na yako. Ipo pia STOU, hiyo ni ya injini na giaboksi pamoja, na dumu lake huwa na C na GL-4 zote mbili. Kwa wenye Massey, namba za kiwanda zinasaidia: M1139 ni STOU, M1135 na M1143 ni UTTO. Tofauti ya namba mbili tatu, na gharama yake ni kufungua injini nzima.

Sasa cha kununua. Chaguo langu la kwanza, na sifichi upendeleo, ni Shell Rimula R4 X ya 15W-40 (hiyo ni namba ya uzito wa oili). Ina CI-4, inashika masizi vizuri, na injini za Perkins za silinda tatu na nne, zilizo kwenye Massey hizi, zinaipenda. Usipoipata, Rubia TIR 7400 au Delo Gold Ultra, zote 15W-40, zitakufikisha pale pale. Injini iliyokaa miaka na oili duni, ya kwanza uimwage baada ya masaa 50 tu, maana oili nzuri itang'oa uchafu wa zamani na kuupeleka kwenye filta.

Ya pili ni 20W-50, nzito zaidi, yenye CF-4 au CH-4, kwa injini inayokula oili na inayofanya kazi nchi ya joto. Kule Mbulu au Njombe, asubuhi ya baridi, itachelewa kupanda. Baki na 15W-40.

Ya tatu ni STOU. Inamfaa mwenye trekta kadhaa na dereva anayechota dumu lolote lililo karibu. Haishindi oili halisi ya injini, ila inazuia balaa.

SAE 40 kavu (ya uzito mmoja, isiyo na W) yenye CF inafanya kazi kwenye MF 135, mradi uimwage mapema. CK-4 ni kutupa hela, imetengenezwa kwa injini zenye vichujio vya moshi ambavyo trekta lako halina. Ya kupima kutoka kwenye pipa: hapana.

Kiasi kwanza. Injini ya AD3.152, iliyo kwenye MF 135 na 240, inachukua karibu lita 7 pamoja na filta, A4.248 ya MF 290 karibu lita 8. Kijiti cha kupimia ndicho chenye neno la mwisho. Vitabu vinataja masaa 200 hadi 250. Kwa vumbi la kwetu na injini iliyochoka, 150. Meta ya masaa imekufa? Hesabu dizeli: MF 240 ikilima inakunywa takriban lita 5 kwa saa, basi kila ikimaliza lita 750 wakati umefika.

Washa injini mpaka ipate moto, simamisha mahali tambarare, fungua bolti ya sampu na uache idondoke dakika 20 au zaidi. Angalia inavyotoka. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Ikiwa nyepesi, inanuka dizeli na kijiti kilikuwa kinaonyesha imeongezeka, usishangilie: diaframu ya pampu ndogo ya kuvuta dizeli, ile yenye kijino cha kupampu kwa mkono, imetoboka, au sili ya shafti ya pampu kubwa imekufa. Tengeneza hilo kwanza, la sivyo oili mpya itaharibika wiki hiyo hiyo.

Filta za zamani ni za kikopo chenye elementi ndani. Ringi ya mpira inabaki imeganda kwenye mfereji wa juu. Ukiweka mpya juu ya ile kuukuu itamwaga oili yote ndani ya dakika chache. Ichokoe kwa kitu butu. Kama yako ni ya kuzungusha, namba ya Perkins ni 2654403. Paka oili kwenye mpira, kaza kwa mkono, ongeza robo tatu ya mzunguko. Weka washa mpya ya shaba kwenye bolti ya sampu.

Jaza lita 6, vuta kizimio, piga stata kwa sekunde kumi kumi hadi taa izime au mshale uinuke, kisha ndipo uwashe. Zima, subiri dakika 10, pima, ongeza kidogo kidogo. Ukizidisha, kranki inaipiga na kuifanya povu, na oili inatokea kwenye bomba la kupumulia. Bakuli la hewa lenye oili (kichujio cha hewa ya injini) nalo limwage siku hiyo hiyo, ulioshe, ujaze hadi alama kwa oili ile ile ya injini. Injini nyingi zinakufa kwa vumbi lililopita hapo.

Na wauzaji wajirekebishe. Injini inataka lita 7, dukani kuna dumu la lita 5 na ndoo ya 20. Ukiomba lita mbili za nyongeza unapewa ya magari ya petroli, "zote oili tu, bosi". Au unauziwa dumu la pili zima kwa bei ya kijijini. Likikulazimu, lichukue, lakini kagua pete ya kifuniko haijakatwa na foili ya ndani imegandamana pande zote. Lita tatu zinazobaki zitajaza bakuli la hewa na kuongezea katikati ya msimu. Dumu tupu litoboe kwa msumari kabla halijaondoka shambani, maana kuna watu wanayanunua matupu kwa bei nzuri kupita kiasi, wayajaze oili feki.