Jeli za zaimografia: kazi safi, ila boksi la pili sinunui

Nimemaliza boksi zima, jeli 10, zile zinazokuja zimeshamwagwa na gelatini (kolajeni iliyopikwa) humo humo. Jina la kampuni silitaji, na wakala wao hapa Dar bado hatujamalizana.

Kwa asiyezijua: seli ya saratani mara nyingi haihami mpaka imekula kolajeni na utando unaoizunguka, na meno yake makubwa ni vimeng'enya vya MMP. Zaimografia ni njia ya kuyaona meno hayo. Unachukua majimaji zilimokuzwa seli, unayapitisha kwenye jeli kwa umeme bila kuyachemsha, unaosha SDS, sabuni kali iliyotumika humo, kwa Triton, sabuni ya upole, kisha jeli inalala kwenye mmumunyo wa bafa wenye kalsiamu, nyuzi 37. Asubuhi unatia rangi ya buluu. Palipoliwa gelatini panabaki peupe.

Hapo sina neno, jeli hizi ni nzuri. Nilipima seli za HT-1080, za saratani ya binadamu. Ambazo sikuzigusa zilitoa mstari mwembamba kwenye kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 92, ndiyo MMP-9, na mwingine kwenye 72, MMP-2. Nilizozichokoza kwa PMA, kemikali ya kuamsha seli, ule wa 92 ulinenepa kama kamba ya ng'ombe, na chini ya 72 ukachomoza mstari mpya, kama 62 hivi. Nilimwita mwenzangu aache chai aje aone. Maana seli hutoa MMP-2 ikiwa imefungwa: kipande chake cha mbele kimekalia zinki, haing'ati. Anayekata kifungo, ikabaki hiyo 62, ni MMP-14, aliyekaa juu ya seli yenyewe, tena akishikiwa kazi na TIMP-2, ambayo siku zote tunaifahamu kama kizuizi cha MMP! Mlinzi kumshikia mwizi ngazi. Tofauti hiyo ya 72 na 62 jeli nyingine huivuruga ikawa doa moja; hizi ziliitenga vizuri.

Lawama yangu ni kijitabu cha maelezo kinachokuja na boksi. Hakisemi popote kwamba SDS hufungua hata vimeng'enya vilivyofungwa na kuvitenga na vizuizi vyake vya TIMP, kwa hiyo weupe wa 92 na 72 si ushahidi kwamba mwilini vilikuwa vinakula kitu. Mwanafunzi atauandika hivyo hivyo kwenye tasnifu, na msimamizi aliyechoka atapitisha. Wala hakionyi kuhusu seramu ya ndama tunayolishia seli, ambayo ina MMP zake. Jeli zangu 2 za kwanza zilijaa mistari ya ng'ombe, nami nikashangilia kwa nusu saa nzima.

Halafu mzigo ulikaa forodhani siku 9. Ulipofika, barafu ilikuwa maji na tarehe ya kuisha imebakiza wiki 3. Wakala aliniambia "dada, zitumie haraka haraka tu."

Sasa tunamwaga wenyewe, gelatini miligramu 1 kwa kila mililita. Ya kwanza ilivujia mezani yote. Ya pili ilikubali, ingawa kingo zake zimepinda na 62 inaonekana kwa kukodoa macho.

Nyota 3 kati ya 5.