Kulala kreta ya Kibo: ilipie hiyo nyongeza, ila mwongozaji mwulize mapema

Kampuni nyingi za kupandisha watu Kilimanjaro siku hizi zinauza safari kwa maneno yaleyale: njoo uione barafu kabla haijaisha. Ya kwetu, yenye ofisi Moshi mjini, ilikuwa nayo kwenye kipeperushi, chini ya picha ambayo barafu yake imejaa mno kuwa ya miaka hii. Mimi nafundisha jiografia sekondari. Kila mwaka nachora ubaoni mto wa barafu: theluji inaingia juu, ulimi unateremka bondeni, joto likipanda ulimi unarudi nyuma kuelekea mlimani. Nilitaka kuona kitu chenyewe, ndiyo maana nilichagua njia ndefu ya Lemosho pamoja na nyongeza ya kulala ndani ya kreta ya Kibo, yaani shimo la volkano lililoko juu kileleni. Wengi wananiuliza kuhusu hiyo nyongeza, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

Mambo ya kawaida niyapitie haraka. Chakula kilikuwa kizuri kupita nilivyotarajia. Mtori wa jioni ya kwanza ungemfanya mtu asahau kwamba yuko msituni ndani ya hema, na mpishi alijua kazi yake: juu kule maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha, maharage hayaivi, basi yeye alipanda nayo yakiwa yamechemshwa tayari. Asubuhi na jioni tulipimwa oksijeni kidoleni na majibu yakaandikwa daftarini. Mizigo ya wapagazi ilipimwa kwenye mizani mbele yetu, na hilo nalitaja kwa sababu si kila mtu hulifanya kwa moyo mmoja. Ubaya: begi la kulalia nililokodishwa lilikuwa na zipu mbovu, na glavu za mwenzangu zilichanika kidole kabla hatujafika kambi ya Barranco. Ukienda, kagua vifaa ukiwa bado ofisini.

Sasa barafu. Mwongozaji mkuu alikuwa mtu makini kwa afya zetu, ila kwenye maelezo aliniangusha. Jioni moja kwenye hema la kulia alituambia barafu ikiisha mito na chemchemi za Moshi zitakauka. Habari hiyo husemwa sana, na wageni huipenda, lakini maji mengi ya Kilimanjaro yanatokana na mvua na ukungu wa ukanda wa msitu. Barafu ya kileleni inachangia kidogo sana. Anayeogopea mifereji ya Wachagga aangalie kwanza moto na shoka kule msituni. Nilimwambia hivyo kwa adabu, akacheka, akasema, "Sawa mwalimu, kesho utatufundisha wewe." Kesho yake tulipita Barranco, mahali ambapo ukiinua macho unaona barafu za ubavu wa kusini, Heim na Kersten, zimening'inia kwenye mteremko. Hizo ndizo zinazokaribiana na mchoro wangu wa ubaoni. Hakuna aliyetuonyesha, tulisimama kupiga picha za ukuta wa miamba tukaendelea.

Faida ya kwanza ya kulala kreta ni kwamba hupandi kileleni usiku wa manane. Tulitoka Barafu Camp kumepambazuka, tukafika Stella Point, ukingoni mwa kreta, mchana, kisha badala ya kugeuka kushuka tukaingia ndani. Kambi iko kwenye mita 5,700 na kitu. Kilele cha Uhuru, mita 5,895, kilikuwa cha asubuhi iliyofuata. Anayepanda kwa ratiba ya kawaida huiona barafu pembeni mwa njia alfajiri, meno yakigongana, akiwa anawaza kushuka. Sisi tulikuwa na mchana mzima.

Aliyeniokoa ni msaidizi wa jikoni, mzee ambaye amebeba mizigo mlima ule tangu ujana wake. Nilipomwomba anipeleke kwenye mabaki ya Furtwängler, barafu iliyomo ndani ya kreta, alivaa koti akatangulia. Barafu hii ina jina la Walter Furtwängler, aliyepanda mwaka 1912. Mwaka huohuo barafu yote ya Kilimanjaro ilikuwa kama kilomita za mraba 12. Mwaka 2007 ilibaki chini ya 2. Nilizijua hizo takwimu, ila mzee alizitembea kwa miguu. Alisimama kwenye mchanga mweusi mtupu, akasema, "Hapa tulikuwa tunakata ya kupikia chai." Kutoka pale mpaka ukuta wa barafu tulitembea kitambo.

Na ni ukuta kweli. Umesimama wima kama mche wa sabuni uliokatwa kwa uzi, una mistari ya vumbi imepangana mmoja juu ya mwingine. Hauna ulimi wala bonde. Barafu ya uwanda wa juu haina pa kuteremkia, basi haipungui kwa kurudi nyuma ncha moja. Jua linaikata pembeni, pande zote, nayo ikishakatwa haijirudishii upana, kwa sababu theluji haishiki kwenye ukuta wima. Chupa yangu ya maji iliyokuwa kivulini ilikuwa imeanza kuganda, lakini upande uliopigwa na jua matone yalidondoka moja moja, nikaloa kiganja. "Mwalimu, usisimame chini," mzee akaniambia, akinionyesha mapande yaliyokwisha kuanguka.

Hewa ya kule juu kwa kawaida iko chini ya sifuri, kwa hiyo sehemu kubwa ya barafu huondoka kwa kugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji. Theluji mpya ndiyo ngao yake: ikiwa nyeupe inarudisha jua lilikotoka. Mvua zikipungua, uso unabaki wa kijivu na kula joto. Wanasayansi wanabishana kuhusu chanzo: Georg Kaser na Thomas Mölg wameweka uzito kwenye ukame ulioanza mwishoni mwa karne ya 19. Lonnie Thompson, aliyetoboa barafu hizi mwaka 2000, anaonyesha dalili kwamba uso wa barafu unayeyuka kwa joto, na vipimo vyake vilikuta Furtwängler imepoteza karibu nusu ya unene wake kati ya mwaka 2000 na 2009. Alikadiria pia barafu yote ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Bado ipo. Sehemu ya kaskazini ndiyo kubwa iliyobaki, nayo imekwisha kupasuka vipande viwili. Kwangu mimi mabishano hayo hayapunguzi lawama ya joto, maana dunia inayopata joto huvuruga na mvua pia. Ila yanaeleza kwa nini barafu hii haikufa kwa tarehe iliyopangwa.

Yote haya ningependa kuyasikia kwa kampuni, si kuyaleta kichwani kutoka nyumbani. Wanauza barafu, basi wawafundishe waongozaji barafu. Au wamlipe yule mzee posho ya kuongoza, maana mimi nilimpa bakshishi pembeni na haikuwa kazi yake.

Usiku wenyewe ni mgumu. Hulali, unageuka tu, na ile zipu mbovu ilinikumbusha ofisi ya Moshi kila upepo ulipovuma. Alama nne kati ya tano, ile moja wameipoteza kwa vifaa na maelezo. Nyongeza ya kreta inalipwa kabla ya kupanda na hairudishwi: kama mlima umewahi kukusumbua kichwa na tumbo, panda kwa ratiba ya kawaida, na ukifika Barranco mwambie mwongozaji akuonyeshe Heim.