Taa za gari kwa safari za usiku: ununue nini kwanza, nini baadaye, na nini ukiache dukani

Ukitoka Nakuru jioni kuelekea Kisumu au Bungoma, utapita giza la kila aina. Kuna ukungu wa Mau Summit na Timboroa, mvua ya Kericho, trekta za miwa za Muhoroni na Mumias zinazokokota trela isiyo na taa hata moja nyuma, ng'ombe, punda, na watu wanaotembea kando ya lami wakiwa na nguo nyeusi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ambao ndio kikomo cha matatu na malori, gari hula mita 22 kila sekunde. Jumlisha muda wa kushtuka na muda wa breki, utahitaji kama mita 70 ndipo lisimame, na hapo lami iwe kavu. Taa za dimu zilizochoka hazimuliki umbali huo.

Nimepanga mambo haya kwa kipimo kimoja tu: mwanga unaofika mbali barabarani kwa kila shilingi unayotoa, bila kumpofusha anayekuja. Dereva wa lori uliyempofusha pale Salgaa anakuja na tani zake akiwa haoni, na wewe ndiye uliye mbele yake.

Nafasi ya kwanza naipa lensi na kulenga taa, ingawa hakuna duka litakalokuambia hivyo. Magari yetu mengi ni mitumba ya Japani, na sheria inaruhusu kuingiza yale yasiyozidi miaka 8. Yakifika, plastiki ya taa imeshapigwa jua miaka hiyo yote, kisha tunaiongezea jua la Kisumu. Kinga ya juu huisha na lensi ikageuka manjano. Ukinunua balbu ya elfu kadhaa ukaiweka nyuma ya lensi kama hiyo, umemulika plastiki. Nunua msasa wa maji namba 800, 1000, 2000 na 3000, dawa ya kung'arisha, na rangi angavu yenye kinga ya jua ya kupuliza mwishoni. Hiyo ya mwisho usiiruke. Dawa ya meno hung'arisha kwa muda mfupi tu, maana hairudishi ile kinga.

Kisha lenga. Tafuta mahali tambarare penye ukuta. Magurudumu yawe na upepo sawasawa na mtu akae kwenye usukani. Pima urefu kutoka chini hadi katikati ya balbu, bandika tepu ukutani kwa urefu huohuo, halafu rudisha gari nyuma mita 10 na uwashe dimu. Ukingo wa juu, pale mwanga unapokatika na giza kuanza, uwe kama sentimita 10 chini ya tepu. Kushoto mwanga upande kidogo, kwa sababu ndiko waliko wanaotembea kwa miguu na vibao vya barabarani. Ukiona unapanda kulia, taa hiyo ilitengenezwa kwa nchi wanakoendesha upande wa kulia, na hakuna skrubu itakayoiponya. Ibadilishe.

Mzigo nao huharibu kazi hii yote. Probox iliyojaza abiria hadi kwenye buti huinua pua, na dimu yake inakuwa fulu machoni pa anayekuja. Magari mengi ya Japani yana kigurudumu kidogo karibu na usukani chenye namba kuanzia 0. Ukibeba mzigo nyuma, kizungushe kwenda namba kubwa ili taa zishuke. Madereva wengi hawajawahi kukigusa. Na kama umeinua springi, lenga upya kabla ya safari ya kwanza.

Nafasi ya pili ni umeme wenyewe. Hapa ndipo naona watu wa kwetu wanapoteza mwanga mwingi kuliko mahali pengine popote. Nilimtazama fundi mmoja wa umeme wa magari hapa Kisumu akichomoa plagi nyuma ya balbu ya H4 (ile yenye waya wa fulu na wa dimu ndani ya balbu moja) ya Hiace ambayo mwenyewe alikuwa amekuja kuitafutia LED. Plastiki kuzunguka pini moja ilikuwa imeungua hadi kahawia. Injini ikinguruma, betri ilisoma volti 14.1. Aliporudisha plagi na kuwasha taa, akagusisha mita nyuma ya plagi ileile: 11.8. Sasa, balbu ya H4 hupimwa kiwandani kwa volti 13.2, ikitoa karibu lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 1650 kwa fulu na 1000 kwa dimu. Volti zikipungua kidogo, mwanga hupungua sana, kwa 11.8, karibu theluthi moja imepotea njiani, kwenye swichi iliyochakaa na waya mwembamba wa miaka mingi.

Dawa yake ni seti ya rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Swichi ya usukani inabaki kuamsha rilei tu, na umeme wa taa unatoka moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi iliyofungwa karibu na betri hiyo. Dai waya wa milimita mraba 2.5 au zaidi, soketi za kauri, na waya wa ethi uliofungwa kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Kitu kimoja cha kumwambia fundi mapema: pikapu na Land Cruiser nyingi za zamani za Toyota hukata umeme upande wa hasi, kwa hiyo seti iwe ya aina hiyo, la sivyo fulu na dimu zitachanganyikana. Kwa gari jipya ambalo taa zake zinaendeshwa na kompyuta, usikate waya wowote. Pima kwanza, ikiwa tofauti kati ya betri na plagi haifiki nusu volti, okoa pesa zako.

Balbu nzuri za halojeni zinashika nafasi ya tatu, na kwa gari la kawaida safari inaweza kuishia hapo. Baki kwenye wati zilizoandikwa: H4 ni 60/55 kwa volti 12, na H7, yenye waya mmoja tu, ni 55. Zile zinazoandikwa asilimia 100 au 130 zaidi hazidanganyi kabisa. Waya wake wa ndani umesukwa kwa kubana na kuwekwa kwa usahihi zaidi, na mwanga unafika mbali. Gharama yake ni umri, huungua mapema. Anayesafiri usiku mara mojamoja kwenda kuona wazee Vihiga atazifurahia. Matatu inayotoka Kisumu kila usiku ichukue balbu ya kawaida ya kampuni inayojulikana, au ile ya maisha marefu. Za kioo cha buluu ziache, maana rangi hiyo huchuja mwanga na mvua ikinyesha utajuta. Za wati 100/90 pia ziache. Jozi moja huvuta zaidi ya ampea 16, huyeyusha soketi na kuunguza kioo cha ndani cha taa.

Bandia ziko tele. Balbu halali ina alama ya E ndani ya duara kwenye chuma chake, maandishi yaliyochongwa safi, na waya wa ndani ulionyooka. Nunua mbili kwa pamoja, na usishike kioo kwa vidole. Mafuta ya ngozi hukifanya kipate joto mahali pamoja na kupasuka.

Taa za kuongeza nimeziweka nafasi ya nne. Tofautisha mbili, kwa sababu wauzaji huziita zote spoti. Taa ya ukungu hufungwa chini kwenye bampa, mwanga wake ni mpana, umekatwa juu na hufika karibu. Kule Molo na Timboroa fulu hukurudishia ukuta mweupe usoni. Taa hii hupita chini na kukuonyesha mstari wa kando ya barabara. Rangi ya manjano hupunguza mng'ao kwa macho ya baadhi ya watu, ila umbo la mwale na kimo cha kufunga ndivyo vinavyofanya kazi. Ukungu ukiisha, zizime.

Spoti ya kweli ni ya kusaidia fulu. Ifungwe kwa rilei inayowashwa na fulu, ili ukishusha dimu nayo izimike papo hapo bila kutafuta swichi nyingine. Hilo ni sharti. Fundi akikwambia ataiwekea swichi ya peke yake tu, tafuta fundi mwingine. Angalia iwe na kinga ya maji ya IP67 au zaidi, na bano la chuma kinene, kwa sababu spoti inayotikisika huchosha macho kuliko giza. Ile LED ndefu ya juu ya kabati haifai kwenye lami. Humwaga mwanga kila upande, hung'aa kwenye boneti, na hupofusha watu wa mbali. Shambani usiku, kupakia miwa, hapo ni mahali pake.

Tano ni kubadilisha taa nzima. Ukipata ya mtumba ya Japani ambayo lensi yake ni safi, masikio yake ya kufungia hayajavunjika na ndani hamna maji, mara nyingi ni nafuu kuliko majaribio ya balbu. Koito, Stanley na Ichikoh ndio majina utakayoyaona kwenye lensi. Taa yenye alama ya E iliyotengenezwa kwa nchi za kuendesha kushoto kama yetu huwa na mshale. Ukisimama mbele yake unaelekea mkono wako wa kulia. Kuweka projekta (lensi ya mviringo inayokusanya mwanga) ndani ya taa yako ni kazi nzuri mikononi mwa fundi anayejua kuziba taa upya, lakini gharama yake ni kubwa.

Balbu za LED za kuchomeka kwenye taa za halojeni naziweka sita, na najua ndizo zinazouzwa kuliko zote. Ndani ya H4, waya wa dimu umefunikwa chini na kikombe kidogo cha chuma, na kioo cha taa kimechorwa kuufuata waya huo kwa usahihi wa milimita. LED huweka vipande bapa viwili mgongo kwa mgongo. Visipokaa palepale pa waya, mwanga humwagika juu na mbele karibu. Unaona lami nyeupe kabisa mita chache mbele ya bampa, unafurahi, na mboni za macho zinajibana usione punda aliye mbali. Hata Ujerumani, zilipoanza kuruhusiwa mwaka 2020, zilikuwa za chapa maalumu kwa modeli za gari zilizoorodheshwa tu.

Usiamini boksi lililoandikwa lumeni 20,000. LED za magari hutoa takriban lumeni 100 kwa wati moja, kwa hiyo balbu ya wati 25 hutoa kama 2,500. Ukiamua kununua, chukua yenye vipande vyembamba vilivyokaa mahali pa waya na shingo inayozungushwa, kisha rudi kwenye ukuta wa mita 10. Kama ukingo wa mwanga umepotea, rudisha dukani. Feni yake ikijaa vumbi la barabara za ndani, balbu itapungua mwanga, na redio ikianza kukoroma ujue chanzo.

Seti za zenoni (balbu za gesi zisizo na waya wa ndani) za kuchomeka kwenye taa za halojeni ndizo za mwisho. Humwaga mwanga vibaya kuliko LED, na kwenye H4 ni balaa. Gari lililokuja na zenoni kutoka kiwandani ni jambo jingine. Hilo libadilishie balbu mbili kwa pamoja, na usichanganye balbu za aina ya D2 na za D4, kwani umeme wake ni tofauti.

Wenye malori: Canter na NQR nyingi ni za volti 24, ambako H4 ni wati 75/70. Balbu ya volti 12 humo huungua palepale. Lenga taa ukiwa na mzigo wa kawaida mgongoni. Kwa bodaboda, tazama kwanza uwezo wa pikipiki wa kuzalisha umeme. Spoti mbili kubwa humaliza betri, na moja ndogo iliyolengwa chini inatosha. Na mwenye trekta na trela ya miwa, kabla hujaongeza taa yoyote mbele, nunua mikanda ya kuakisi mwanga, nyekundu nyuma na ya njano ubavuni, uibandike kwenye chuma kilichosafishwa grisi, kisha uifute tope kila unapotoka shambani kuingia lami.