Vipimo bora, maelezo yaliyochelewa: tathmini ya kliniki ya uchunguzi wa mtoto tumboni

Nilihudhuria kliniki hii kuanzia wiki ya 12 hadi ya 17 ya ujauzito wangu wa pili, na ninamwandikia mama atakayepewa rufaa ya kwenda huko, kwa sababu ubora wa vipimo na ubora wa maelezo haukulingana hata kidogo.

Ultrasaundi ya kupima maji yaliyo nyuma ya shingo ya mtoto, ambayo hufanywa kati ya wiki ya 11 na ya 14, ilifanywa kwa utulivu; mpimaji alinigeuzia skrini na kunieleza alichokiona kabla sijauliza. Damu ikachukuliwa siku hiyo hiyo. Hadi hapo sina lawama.

Siku nne baadaye karani alinipigia simu kuniambia kwamba majibu si mazuri, kwamba uwezekano wa mtoto kuwa na sindromu ya Down (hali ya kuzaliwa nayo inayotokana na vinasaba vya ziada) ni 1 kati ya 120, na papo hapo akanipangia siku ya sindano ya kuvuta maji ya chupa ya uzazi. Hakunieleza kwamba kipimo cha kwanza hukadiria tu, hakithibitishi. Kwamba katika wajawazito 120 wenye majibu kama yangu, 119 hutarajiwa kuwa na watoto wasio na hali hiyo. Wala kwamba kipo kipimo kingine cha damu, kinachochunguza vinasaba vya kondo la nyuma, ambacho ningeweza kukitanguliza. Hayo yote niliyasikia kwa mshauri nasaha siku ya sindano yenyewe, nikiwa nimeshavaa gauni la hospitali. Ridhaa inayotiwa saini kitandani ni ridhaa ya namna gani?

Mshauri mwenyewe nampa alama zote. Alisema wazi kwamba hatari ya mimba kuharibika kutokana na sindano ni chini ya 1 kati ya 100, kwamba nina haki ya kukataa, kisha akatoka ili nizungumze na mume wangu. Nilikubali. Daktari aliiongoza sindano kwa ultrasaundi, na maumivu yalikuwa madogo kuliko hofu niliyokuja nayo. Majibu ya awali yalitoka baada ya siku tatu, na yale kamili wiki ya pili. Yalisemaje, hilo nitalibakiza nyumbani, kwani ninachokipima hapa ni huduma.

Nikipata mimba nyingine nitarudi huko huko, ila nitaomba kumwona mshauri kabla ya kutolewa damu.